Ripoti Imetumwa, Lakini Haijafika

Wateja wanaoniomba niwachagulie programu za ofisi huja na jedwali tayari mkononi: safu moja ya seva za barua pepe, nyingine ya programu za kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, ya tatu ya mifumo ya kusambaza ripoti, na kila safu ina bajeti yake kana kwamba hazijuani. Mimi huzilinganisha kwa pamoja. Ripoti ya mauzo inayotakiwa kumfikia meneja wa tawi saa 12 asubuhi huandaliwa na mfumo wa ripoti, hubebwa na seva ya barua pepe, na ikikwama njiani fundi huingia kutoka mbali kuikwamua. Kwa hiyo swali ninaloanza nalo ni hili: kila moja ikishindwa kazi, nani atajua?

Nilijifunza kuuliza hivyo kwa mteja mmoja wa Dar es Salaam, muuzaji wa jumla mwenye matawi Tanga, Dodoma na Mbeya. Alitumia SQL Server Reporting Services, mfumo wa ripoti wa Microsoft, na kwa wiki nzima ukurasa wake ulionyesha kuwa ripoti zimetumwa, huku simu ya mhasibu ikiita kila alfajiri kwa sababu mameneja hawajaona kitu. Nilifungua kumbukumbu (logi) za Postfix, seva iliyobeba barua hizo, nikakuta kila barua iliyokwenda Gmail imekataliwa kwa msimbo 550 5.7.26, maana yake mtumaji hakuthibitika. Ofisi ilikuwa imehamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti na kupewa anwani mpya ya IP, namba inayoitambulisha kwenye intaneti, lakini rekodi ya SPF, ile inayotangaza ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina la kampuni, ilibaki kutaja anwani ya zamani. Saini ya DKIM, alama ya kidijitali inayothibitisha kuwa barua imetoka kwa kampuni kweli, nayo haikuwahi kuwekwa, ilhali tangu Februari 2024 Gmail humtaka kila mtumaji awe na angalau moja kati ya hizo mbili. Taarifa za kukataliwa zilikuwapo zote, zaidi ya mia mbili, ndani ya kisanduku cha ripoti ambacho tangu kifunguliwe hakuna aliyewahi kukisoma.

Kwa mfumo wa ripoti, “imetumwa” maana yake ni “nimeikabidhi kwa seva ya barua pepe”. Yatokeayo baada ya hapo yamo kwenye kumbukumbu za seva, na ndiyo maana katika kulinganisha seva hizi naupa uzito mkubwa urahisi wa kusoma kumbukumbu. Hapo Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa mwaka 1998, hunipa mstari mmoja ulio wazi kwa kila mpokeaji. Ikiunganishwa na Dovecot, programu inayohifadhi visanduku vya barua, haidai leseni, ila inadai fundi. Microsoft Exchange ina kalenda za pamoja ambazo wakurugenzi wakishazizoea hawaziachi, lakini msaada wa matoleo ya 2016 na 2019 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na anayetaka kubaki nayo kwenye seva yake sasa analipia toleo la usajili. Ofisi isiyo na fundi wa kudumu naishauri ikodi huduma, iwe Google Workspace au Microsoft 365, bila kuona haya.

Hata hivyo kukodi kuna gharama yake. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, ofisi zilizokodi zilipata taabu kumwandikia hata mtu wa meza ya pili, wakati zenye seva ndani ziliendelea kuandikiana, na barua za nje zikasubiri kwenye foleni, kwa kuwa Postfix isipoelekezwa vinginevyo hushikilia barua kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa.

Kuhusu kuingia kutoka mbali sina maneno mengi. Usiache poti 3389, mlango wa Windows wa kuingilia kutoka mbali, wazi kwenye intaneti. Kasoro ya mlango huo iitwayo BlueKeep, ya Mei 2019, ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP iliyokwisha kustaafishwa. TeamViewer na AnyDesk ni rahisi kufunga, lakini zinategemea seva za mwenye programu, na AnyDesk yenyewe ilitangaza Februari 2024 kwamba mifumo yake ilivamiwa. Mimi hutanguliza WireGuard, programu ya VPN inayojenga njia ya siri kupitia intaneti, iliyoingizwa ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 mwaka 2020, kisha ndani yake nikatumia zana za kawaida. Jambo moja husahaulika: msimbo wa kuthibitisha kuingia usitumwe kwa barua pepe inayokaa kwenye seva ileile unayokwenda kuifufua. Nimewahi kukesha kwa kosa hilo, nalo lilikuwa langu mwenyewe. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Mifumo ya ripoti hutofautiana zaidi katika kumpa kila mtu sehemu yake. Reporting Services hugawa ripoti kwa orodha inayosomwa kutoka kwenye hifadhidata, meneja wa Tanga akapata ya Tanga peke yake, lakini uwezo huo umo katika toleo ghali la Enterprise. Metabase, mfumo mwingine wa ripoti, nayo huuweka kwenye matoleo ya kulipia. Wasiolipia huishia kumtumia kila mtu ripoti nzima ya matawi yote, na hapo huzuka mambo mawili. La kwanza ni ukubwa: Postfix kwa kawaida hukataa barua inayozidi baiti 10,240,000, na kiambatisho huongezeka kwa takriban theluthi moja kinaposimbwa kwa ajili ya safari, hivyo PDF ya MB 8 hukwama. La pili ni mishahara na taarifa za wateja kufika kwa wasiohusika, jambo zito hapa Tanzania tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023. Dawa yangu kwa yote mawili ni barua fupi yenye kiungo, na faili kubaki kwenye folda ya tawi inayofunguka kupitia WireGuard tu.

Mteja wangu hakununua programu yoyote mpya. Nilirekebisha rekodi ya SPF, nikaweka saini ya DKIM, na barua zinazorudishwa nikazielekeza kwa mhasibu. Jumatatu iliyofuata ilirudi moja tu: kisanduku cha meneja wa Mbeya kilikuwa kimejaa.