Kijue kina chako kabla hujanunua fainda ya ubavuni

Kijana mmoja wa hapa Malindi aliniletea fainda, mashine ya kutafutia samaki kwa sauti, aliyotumiwa na kaka yake kutoka ng'ambo. Kioo kipana, bado kina nailoni yake. Aliifunga mwenyewe kwenye boti ya faiba, akatoka nayo hadi nje ya mwamba, kwenye maji ya mita 45, na kioo kikawa giza kulia na kushoto. Alidhani ni mbovu. Nilipoitazama nikakuta ni nzima kabisa, ila mlio wake wa ubavuni ulikuwa mmoja tu, wa megahezi 1.2, yaani mitikisiko milioni 1.2 kwa sekunde, sauti nyembamba mno. Mashine ile ilifaa ziwani.

Fainda ya kawaida ni bildi ya umeme, kama ile kamba yenye risasi ya kupimia kina: hupiga sauti chini ya chombo na kungoja mwangwi. Ya ubavuni hurusha miale miwili myembamba, mmoja kila upande. Kila mlio ukirudi unachora mstari mmoja wa picha, na mistari ikipangana unaona sakafu ya bahari kama uliyeichungulia kutoka juu. Ndiyo maana ukitia nanga huna picha. Chombo lazima kitembee.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ngoma ikilia mtaa wa mbali usiku, kinachokufikia ni vumi, ile ngoma nene. Chapuo, ile ndogo ya sauti nyembamba, hulisikii mpaka usogee. Baharini ni vivyo hivyo. Sauti nyembamba huchora vizuri lakini huchoka mapema, sauti nene hufika mbali lakini huchora kwa makadirio. Katika maji yetu ya uvuguvugu sauti hukimbia kama mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la kilohezi 50 lina urefu wa sentimita 3 hivi, la kilohezi 455 ni milimita 3 na kitu, na la megahezi 1.2 ni zaidi kidogo ya milimita 1. Ziwani huo wa mwisho hukuonyesha hadi matawi ya mti uliozama. Baharini kuna chumvi, na hasa salfeti ya magnesi iliyoyeyuka ndani yake, ambayo hunyonya nguvu ya milio ya mamia ya kilohezi kabla haijarudi. Umbali ulioandikwa kwenye sanduku mara nyingi ni wa maji baridi, yasiyo na chumvi, yaliyotulia. Video nyingi mnazotazama pia zimepigwa kwenye maziwa ya Marekani.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni moja: unavua kina gani? Kama ni ndani ya mwamba, mita 5 hadi 20, unatafuta changu na tafi, mlio wa kilohezi 800 au hata megahezi 1.2 utakufaa. Kama ni mita 20 hadi 40, kwa chewa na kungu, usinunue mashine isiyokuwa na kilohezi 455. Na kama kazi yako ni kuburura chambo kwa sulisuli huko kwenye maji ya mamia ya mita, hifadhi pesa zako. Picha ya ubavuni haitakusaidia huko. Nunua yenye sauti nene ya chini, kilohezi 50, na transdusa nzuri, kile kifaa cha majini kinachotoa sauti na kupokea mwangwi.

Ghuba ya Malindi ina la ziada. Mvua zikinyesha bara, Sabaki hushusha udongo na maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Chembe zile hurudisha mwangwi wao, na kioo kinajaa vumbi. Hapo punguza umbali wa kutazama, tumia mlio mnene kuliko uliouzoea, na usipandishe hisia ya mashine ukidhani unaisaidia.

Kuna jambo ninalopenda kulieleza polepole, nalo ni kivuli. Mwale wa ubavuni ukigonga kitu kilichosimama, nyuma yake sauti haifiki, pakawa peusi. Wavuvi wapya huangalia kitu chenyewe. Wewe angalia kivuli. Tuseme transdusa iko mita 12 juu ya sakafu, kivuli kina urefu wa mita 5, na ncha yake iko mita 30 kutoka kwako. Zidisha 5 kwa 12, gawanya kwa 30: jiwe lile limesimama mita 2. Kivuli kikiwa kimeachana na kitu chake, huyo anaelea bila kugusa sakafu, yaelekea ni samaki. Changu hung'aa kwa sababu ana kibofu cha hewa, na hewa ndiyo inayorudisha sauti kwa nguvu. Nguru hana kibofu hicho. Kundi la nguru linaweza kupita ukaona ukungu tu, kwa hiyo usiilaumu mashine.

Mwendo nao. Ukitazama mita 60 kila upande, sauti inahitaji karibu sehemu ya 13 ya sekunde kwenda na kurudi. Kwa maili 4 za bahari kwa saa, chombo kinasogea kama sentimita 16 kati ya mlio na mlio. Kwa maili 8 ni sentimita 32, na changu wa sentimita 30 anaweza kupotea katikati.

Wati, yaani nguvu ya mlio: sanduku likisema 4,000 za kilele hadi kilele, soma 500 za RMS, zile za wastani. Gawanya kwa 8 kila mara.

Tuje kwenye kufunga, ambako pesa nyingi hupotea. Niliwahi kwenda Lamu, Matondoni, kwa mzee mwenye mashua ya mbao. Akaniambia, "Mwanangu, miamba hii naijua kwa bildi tangu ujana wangu. Nifungie tu, usinitoboe chombo ovyo." Alikuwa na haki ya kuogopa. Transdusa ya plastiki ya kupenya sakafu haifai kwenye mbao, kwa sababu mbao hufura majini na kuibana hadi ipasuke. Kwa mbao ni ya shaba nyeusi. Yake tuliifunga nyuma, kwenye ubao wa tezi, chini na mbali na mguu wa injini, kwani mguu huo ukiwa ubavuni mwake upande mmoja unapofuka. Dau lenye ncha mbili halina ubao huo. Tumia mti wa kushusha ubavuni, na ushuke chini kuliko mkuku.

Usiipake transdusa rangi ya kuchanganywa na thina, hula plastiki. Ioshe kwa maji baridi kila urudipo.

Weka pia mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, kwenye ramani ya mashine yako. Humo hakuvuliwi, na ninawaomba kwa dhati msiende na kioo kuhesabu chewa wa ndani.

Na muuzaji akikubali, kabla hujalipa ipitishe siku ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, upepo umelala, juu ya mwamba unaoujua kwa bildi. Mwendo maili 4, umbali mita 40. Usipouona mwamba wako, mrudishie mashine yake.