"Daktari, mtatumia mashine au mtabahatisha?"

Swali hili nimelizoea, ila juma lililopita lilinikera kweli. Baba mmoja alikuja na bintiye wa miaka 14 mwenye skoliosisi, yaani mgongo uliopinda kwenda ubavuni: mpindo wa kifuani digrii 58, wa kunyooshwa kwa upasuaji wa skrubu. Kabla sijamaliza kufungua picha za eksirei akaninyooshea simu yenye video ya roboti na kuniuliza hivyo hivyo.

Tuanzie kwenye huko kubahatisha, yaani kuziweka skrubu kwenye pingili kwa mkono bila mashine ya kuniongoza, maana hakuna dhana inayonichosha kama hiyo.

Nikishaufunua mfupa, alama ninazozihitaji ziko mbele ya macho yangu: kiungo cha pingili, mbawa zake za pembeni, ukingo wa bapa la nyuma. Kila pingili ina pa kuingilia pake, na alama hizo ndizo zinazopaonyesha. Natoboa ganda la juu, kisha nasukuma chombo taratibu ndani ya pedikeli, ule mfupa mwembamba unaounganisha sehemu ya nyuma ya pingili na ya mbele. Mfupa laini wa ndani unakwaruza na kukubali. Ganda gumu linakataa. Chombo kikizama ghafla bila ukinzani, najua nimetoka nje. Halafu naingiza kipapasio chembamba chenye kichwa cha duara, nagusa kuta nne na sakafu, moja moja. Nikishachonga nyuzi za skrubu napapasa tena. Skrubu zikishakaa, napiga eksirei ya mbele na ya ubavuni. Hatua hizi zinafundishwa kwa mpangilio, na maelfu ya skrubu zilizowekwa hivyo zimekaguliwa kwa CT, zile picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, baada ya upasuaji. Anayeiita kazi hii bahati nasibu hajawahi kukishika kipapasio.

Sasa mashine. Fremu yenye alama inabanwa kwenye mwiba wa pingili, CT inapigwa mtoto akiwa mezani, kamera inaifuata fremu pamoja na vifaa vyangu, na skrini inanionyesha ncha ya chombo iko wapi ndani ya mfupa. Ni kifaa kizuri. Sitaficha: ukihesabu skrubu zilizokaa ndani ya mfupa bila kutoka hata kidogo, kwa ujumla mwongozo wa picha unaushinda mkono. Lakini picha ninayoitazama ilipigwa kabla sijaanza kusukuma. Mgongo wa kijana unanyumbulika. Nikiugandamiza unashuka, akipumua unapanda. Kadiri ninavyokwenda mbali na fremu, kosa linakua. Na kiwiko cha msaidizi kikiigonga ile fremu, skrini haitaona haya: itaendelea kuonyesha chombo katikati ya mfupa ilhali chenyewe kiko kwingine. Kwa hiyo hata nikiwa nayo, naanza kwa kugusa alama ninayoiona kwa macho nione kama skrini inakubali. Na kuta napapasa vilevile. Wanafunzi wangu wananiona mkaidi. Na wanione.

Isitoshe, skrubu iliyouvuka ukuta kwa chini ya milimita 2 mara nyingi haimdhuru mtoto. Wanaorudishwa mezani kwa sababu ya skrubu ni wachache kwa njia zote mbili, kwa hiyo ule ushindi wa kwenye picha haumfikii mgonjwa wote kama ulivyo.

Kuna mahali naitaka mashine bila ubishi. Kwenye kilele cha mpindo, upande wa ndani, pedikeli huwa nyembamba mno, nyingine hazina hata njia ya mfupa laini katikati. Ugwe wa neva unaopita ndani ya mgongo nao huwa umeegemea upande huohuo. Pingili zilizoumbika vibaya tangu tumboni, au mgongo uliokwisha kufanyiwa upasuaji na alama zake zikafutika, nazo ni kazi yake.

Dhana ya pili: mashine inamkinga mtoto asipooze. Inasaidia skrubu isiende pabaya, basi. Ugwe unaweza kuumia skrubu zote zikiwa mahali pake, tunaponyoosha mpindo ukavutika, au shinikizo la damu likishuka ukakosa damu. Mlinzi hapo ni ufuatiliaji wa ishara za neva kati ya ubongo na miguu muda wote wa upasuaji. Ishara ikififia tunapandisha shinikizo, tunalegeza tulichonyoosha, tunaitoa skrubu tunayoishuku. Ikishindikana tunarudi kwenye jaribio la Stagnara lililoelezwa mwaka 1973: mtoto anazinduliwa mezani na kuambiwa asogeze miguu. Mzazi anayeuliza kuhusu roboti na asiulize kuhusu ufuatiliaji huu ameulizia rangi ya gari akasahau breki.

"Picha nyingi, usalama mwingi." Hapana. CT ya mezani ni mionzi, na huyu ni binti ambaye matiti na tezi yake ya shingo bado vinakua, ambaye tayari amepigwa eksirei kila baada ya miezi kadhaa. Huko Marekani, wanawake waliopigwa picha nyingi za mgongo utotoni miaka ya zamani walifuatiliwa, na vifo vya saratani ya matiti vikaonekana kuzidi kiwango cha kawaida. Vipimo vya leo ni vidogo zaidi, na mashine inaweza kushushwa kiwango cha mionzi, kwani mfupa unaonekana vya kutosha bila picha ya kupendeza. Ulizeni kama kiwango hicho kinashushwa.

Roboti haifanyi upasuaji. Inashika mwelekeo, anayetoboa ni mtu.

Begi la shule halileti skoliosisi. Nimechoka kulisema hili pia.

Baba yule alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo kwa mwanangu mtatumia ipi?" Nikamwonyesha kilele cha mpindo kwenye picha. Pingili tatu hizi, upande wa ndani, kwa mashine, skani fupi ya hapo tu. Zilizobaki, kwa mkono.