Tulipie ni mti wa kwetu, lakini usiupande ukutani

Wiki iliyopita niliitwa kwenye parseli moja (kiwanja cha nyumba) ya Muhumba, hapa Bukavu. Mama mwenye nyumba alinionyesha mti mrefu kwenye kona ya ukuta, akasema: "Fundi, huu mti wa Wazungu unatuchosha. Maua yanaanguka kutwa, watoto wanateleza kwenye ngazi. Tuukate?"

Nilimwambia, "Mama, tuanze na jina. Huu si wa Wazungu."

Ni tulipie, ambao Waswahili wa Kenya na Tanzania huuita kibobakasi au kifabakazi. Wataalamu wanauandika Spathodea campanulata. Asili yake ni misitu ya joto ya Afrika, kuanzia magharibi, kupitia bonde la Kongo, hadi huku kwenye Maziwa Makuu. Jakaranda ndiyo mgeni: ilitoka Amerika Kusini. Grevilea na kaliptusi zilitoka Australia, na flamboyanti ilitoka Madagaska. Hizo tumezizoea hadi tunaziona za babu zetu, halafu mtoto wa nyumbani tunampa pasi ya kigeni. Jambo hili linaniuma kila ninapoombwa "miti ya kisasa".

Chukua chipukizi la ua kabla halijafunguka. Limepinda kama kidole kilichokunjwa, rangi yake kahawia, juu lina manyoya mafupi laini kama mahameli. Ndani limejaa maji. Watoto hulikata ncha na kurushiana maji hayo kama bomba la sindano. Likifunguka, linatoa kikombe chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa, chenye ukingo mwembamba wa njano, na kwa sababu kinatazama juu, mvua ya alasiri inatuama humo. Asubuhi ndege chozi huja kunyonya. Ukitazama kilima cha Nguba kutoka ng'ambo ya ghuba wakati maua yamejaa, miti hiyo unaihesabu mmoja mmoja.

Sasa tabia yake, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Tulipie ni mti wa kuwahi: pale msituni mti mkubwa unapoanguka na jua kuingia, wenyewe hufika mapema, hukimbia kwenda juu, hufunika pengo. Mbio hizo zina gharama. Mbao zake ni nyepesi na laini, matawi hukatika kwa upepo, na jeraha likiingia maji huoza hadi moyoni. Tabia hiyo hiyo imeufanya uwe balaa ulikopelekwa kama pambo. Huko Hawaii na Fiji umevamia mashamba na misitu, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Hapa kwetu uko miongoni mwa ndugu zake wa msituni.

Kwa hiyo mimi naupanda mahali penye nafasi: chini ya parseli kuelekea ziwa, mita kumi au zaidi kutoka kwenye nyumba, mbali na nyaya za umeme, mbali na pa kuegesha gari. Usiupande kando ya ngazi, kwa sababu mama yule alisema kweli: petali zikilowa zinateleza vibaya. Na usiutegemee kushika mteremko unaomomonyoka, maana mizizi yake mingi hutambaa juu juu. Kwenye mteremko napendelea Markhamia lutea, ndugu yake wa ukoo mmoja mwenye maua ya njano, ambao hata ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Miaka ya nyuma nilikata tawi nene la tulipie nikaacha kisiki kirefu. Msimu wa mvua wa pili, kipande kile kilichooza kilishuka na nusu ya kichwa cha mti, kikatoboa mabati ya jikoni. Tangu hapo nakata matawi yakiwa bado membamba, karibu na shina, wakati wa kiangazi.

Mbegu ni rahisi. Tunda lake ni kama mtumbwi mdogo wa mti, unaopasuka wenyewe ukikauka, na humo mna mamia ya mbegu zenye bawa jepesi linalong'aa kama karatasi ya nailoni. Zitandaze juu ya udongo laini, zifunike kidogo sana, weka kivuli, usiache pakauke. Hamishia miche nje mvua za Septemba zikishashika.

Kwa mama tulipima: hatua tatu kutoka ukutani, na shina lina tundu upande wa nyumba. Nilimwambia ukweli kwamba huo lazima uondoke. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama upande wa chini, karibu na mipera, pangefaa kwa mwingine. Panafaa sana. Aliokota matunda mawili yaliyokuwa hayajapasuka, akayafunga kwenye kitenge ili upepo usimwage mbegu.