Joto darasani: maswali ya walimu na wazazi

Madirisha yako wazi, mbona watoto bado wanalalamika joto?

Joto linalowatesa halitoki kwenye hewa peke yake. Saa nane mchana, simama chini ya bati lisilo na dari, uinue kiganja: utahisi joto likikushukia na bati hujaligusa. Mtoto ameketi chini ya joto hilo kwa saa nyingi. Kipimajoto cha ukutani kitasoma nyuzi 30, lakini mwili wake unabeba zaidi ya hapo. Pamoja na joto la hewa na la paa, kuna mwendo wa hewa, unyevunyevu, mavazi, na kazi ambayo mwili unafanya.

Mimi mwalimu mbona naona pako sawa?

Wewe unatembea, unasimama mlangoni. Aliyebanwa katikati ya wenzake kwenye dawati hapati upepo huo. Muulize yeye.

Kweli joto linaharibu masomo?

Ndiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa mitihani ya wanafunzi wapatao milioni 10. Katika shule zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo ukizidi joto kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti (kama nusu nyuzi ya Selsiasi), walichojifunza mwaka huo kilipungua kwa takriban asilimia 1. Kwa hiyo mtoto anayesinzia mchana msimwite mvivu kabla hamjatazama paa.

Tufanyeje bila kiyoyozi?

Anzeni na paa: wekeni dari, au lipakeni bati rangi nyeupe. Upepo nao unahitaji pa kuingilia na pa kutokea, kwa hiyo madirisha ya upande mmoja tu hayatoshi, na chati zilizobandikwa kwenye nondo za dirisha ziondolewe leo. Miti ya kivuli husaidia sana, ila huchukua miaka. Somo gumu liwe asubuhi. Sweta na tai zivuliwe, maji yanywewe hata kipindi kikiendelea. Feni hukausha jasho, lakini hewa ikifika nyuzi 40 huuongezea mwili joto.

Hatari ni lini?

Akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, mpelekeni kivulini, anywe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea ovyo, akizimia au akipata degedege, hiyo ni dharura: mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze hapohapo. Asiyejitambua msimnyweshe kitu.