Kulintang: dhana potofu na ukweli wake

"Ni gamelan ya Ufilipino."
Sivyo. Gamelan ni kundi la ala za Indonesia, hasa za Java na Bali; kulintang ni jina la ala moja na pia la kundi zima linalopigwa nayo. Kundi kamili la Wamaguindanao, watu wa Mindanao, kusini mwa Ufilipino, lina ala za aina tano. Kulintang yenyewe ni patu nane ndogo zilizolazwa mstari mmoja juu ya kamba za fremu ya mbao, nzito ya sauti ikiwa kushoto kwa mpigaji. (Upatu wa huko si bapa kama sinia; una nundu katikati.) Kisha kuna patu nyingine: agung kubwa za ukingo mpana, kwa kawaida mbili; gandingan nne za ukingo mwembamba; babendil moja; na, mbali na patu, ngoma ya dabakan. Gamelan ya Java hujengwa juu ya mizunguko inayofungwa na upatu mkuu. Katika kulintang, babendil ndiyo inayoshika mwendo, na mpiga kulintang hutunga papo hapo juu yake.

"Sauti zake zimepotoka."
Kosa hili ndilo linaloharibu ala nzuri. Kulintang haina sauti za kudumu kama piano. Seti ya nyumba moja hailingani na ya jirani, wala haitakiwi ilingane. Kinachotakiwa ni sauti nane zipande kwa mfuatano. Fundi hufinyanga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, huyeyusha nta kwa moto, kisha humimina shaba mahali pake. Upatu ukishapoa hurekebishwa kwa nyundo: ukigonga nundu kutoka ndani, sauti hupanda kidogo, kutoka nje, hushuka. Anayeigonga seti ya zamani ili ifuate piano anafuta kazi ya fundi huyo. Na upatu wa kuazima kutoka seti nyingine huweza kuuvunja mfuatano wote.

"Unapiga popote."
Kulintang hupigwa kwenye nundu, kwa vijiti viwili vya mbao laini. Ukikosa nundu, unapata mlio wa bati. Babendil ni kinyume: hupigwa ukingoni, kwa ufito wa mwanzi au henzirani. Agung ina kirungu chenye mpira kichwani, na mkono wa pili hushika ukingo ili kukata mlio. Mwanafunzi akisahau mkono huo, mapigo yanarundikana na kufunika kulintang yote.

"Ni kazi ya wanaume."
Kwa desturi kulintang ni ya wanawake, agung ya wanaume. Siku hizi wote hupiga zote.

"Ni muziki wa dini ya Kiislamu."
Wapigaji wengi ni Waislamu, na muziki huu husikika harusini au kumpokea aliyetoka Hija. Lakini muziki wenyewe ulikuwapo kabla ya Uislamu kufika.

"Kolintang ni hiyo hiyo."
Kolintang ya Minahasa, Sulawesi, huko Indonesia, ni ya vipande vya mbao.

"Gandingan ni za kujazia tu."
Hizi nne huning'inizwa jozi kwa jozi, nundu zikitazamana, na mpigaji huigiza kwa sauti za patu hizo kupanda na kushuka kwa maneno ya Kimaguindanao. Kwa njia hiyo watu walitumiana ujumbe kutoka nyumba hadi nyumba, hata onyo la hatari, na aliyezoea lugha hiyo aliuelewa.