Yuka ikichanua, weka panga chini

Wiki hii nimeitwa tena Isevya, Tabora, kung'oa yuka (mmea wa mapambo wenye shina na majani marefu kama upanga) nene, nzima, isiyo na ugonjwa wowote, kwa kosa la kuchanua. "Fundi, ikishatoa ua ndiyo basi, kama mkonge." Sikuing'oa.

Anayekufa ni mkonge. Unakaa miaka ukijilimbikizia chakula, unarusha mlingoti mmoja, unamalizia nguvu zote huko juu, kisha unakauka. Yuka haina tabia hiyo. Kichwa kilichochanua hakiendelei kurefuka, hilo nakubali. Lakini chini yake kidogo, ubavuni mwa shina, huchipua vichwa vingine, na hivyo ndivyo yuka inavyopata matawi. Tazama yuka ya zamani yoyote: panapogawanyika, mara nyingi paliwahi kuwa na ua, au palipigwa panga. Kata bua la ua likishakauka, shina liache. Ila usiidai ua kila mwaka. Kuna miaka hupita kimya.

Naelewa kosa linakotoka. Mimea hii ni ya familia moja, asili yake ni upande wa Amerika, na mkonge tuliuzoea mapema, tangu Richard Hindorf alipouingiza Tanga mwaka 1893. Tena kuna jambo ambalo vitabu vingi vya bustani hulificha: ipo ya California, Yucca whipplei, ambayo kichwa kikichanua hufa kweli. Wataalamu wengi sasa wanaitenga kwa jina la Hesperoyucca. Kwa hiyo "yuka haifi" si sheria ya yuka zote. Ni sheria ya hizi ninazootesha mimi: Yucca gigantea, isiyochoma, na Yucca aloifolia yenye ncha kali, ambayo tafadhali usiipande karibu na njia ya watoto.

La pili: maua kudondoka bila tunda si ugonjwa. Kwao yuka huchavushwa na nondo wake maalumu, anayetaga mayai ndani ya ua, huku hayupo. Aloifolia pekee huweza kuzaa bila yeye. Kwa hiyo, kuotesha mpya tunatumia pingili, yaani vipande vya shina: kata, acha kidonda kikauke kivulini siku kadhaa, panda kwenye mchanga, maji kidogo. Udongo mweusi wa mbuga utaiozesha.

Na ua lenyewe ni chakula. El Salvador, ambako gigantea ndiyo ua la taifa, hulipika na mayai.