Je, wajua kwa nini lori hulia "tak-tak-tak" na lisiwake?

Alfajiri ya Juni pale Kibaigwa, Dodoma, mahindi yameshapakiwa, turubai limekazwa, dereva anazungusha ufunguo: tak-tak-tak-tak. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, injini imelala. Neno la kwanza kusemwa ni "stata imekufa", yaani ile mota ya umeme inayoamsha injini. Mara nyingi si kweli, na mlio wenyewe ndio unaosema ugonjwa uko wapi.

Mlio huo hutoka kwenye solenoidi, kile kikopo kilichopanda mgongoni mwa stata. Ndani yake mna koili mbili na chuma kinachoteleza. Ukipiga stata, koili zote mbili hukivuta chuma; upande mmoja kinasukuma pinioni, gia ndogo ya stata, iume meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini; upande wa pili kinabana kisahani cha shaba ili umeme mkubwa uingie kwenye mota. Kikishabana, koili ya kuvuta hupumzika, hubaki ile ya kushikilia peke yake. Sasa betri ikiwa dhaifu, mota inapodai chake volti zinaporomoka, koili ya kushikilia inazidiwa na springi, chuma kinarudi nyuma. Mota inakatika, volti zinapanda, chuma kinavutwa upya. Tak nyingi za haraka ni mzunguko huo. Kwa hiyo anza na betri, vichwa vyake na nyaya nene. Stata iache ilipo kwanza.

Tak moja nzito kisha kimya ni habari nyingine. Washa taa kubwa, utingo asimame mbele aziangalie wakati ufunguo unazungushwa. Zikizima kabisa, bado ni betri au kichwa kilicholegea. Zikibaki na mwanga wake uleule, umeme hauingii kwenye mota: kile kisahani cha shaba kimeungua, au kaboni za stata, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha. Zikififia sana, stata inakula umeme lakini haizunguki. Ama imeshika yenyewe, ama injini imekaza.

Usidanganywe na taa kuwaka. Balbu mbili za wati 70 kwenye volti 24 hutumia ampia 6 hivi. Stata ya lori hudai mamia.

Lori la volti 24 lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano, na hapa ndipo wengi hukosea: wanapima jozi. Pima kila moja peke yake. Iliyolala usiku kucha ikiwa nzima husoma 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na 12.0 iko karibu kuisha. Kisha pima tena huku mtu anapiga stata, kwa sababu betri mbovu inaweza kusoma vizuri ikiwa imepumzika. Kila moja isishuke chini ya volti 9.6. Ukikuta moja imesimama kwenye 11 na mwenzake ameanguka hadi 6, umempata mkosaji.

Na mara nyingi mkosaji ameponzwa na redio. Mtu anataka volti 12 za redio na chaja ya simu, anachomoa waya kwenye betri moja tu. Hiyo inaliwa kila siku na haijai, wakati mwenzake anachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Nunua kipunguza volti cha kutoka 24 kwenda 12. Bei yake hailingani kabisa na ya betri mbili. Ukibadili betri, badili zote mbili pamoja. Mpya ikifungwa na chakavu huzeeka nayo.

Betri zikiwa nzima, geukia viungo. Weka ncha moja ya mita ya volti juu ya kichwa cha betri chenyewe na nyingine kwenye kishikizo kilichokibana, kisha piga stata. Isomeke karibu na sifuri. Uchafu wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, ampia 300 zikipita, hula volti 3, na kwa macho huwezi kuuona. Fanya vivyo hivyo kwa waya wa ethi, kutoka kichwa hasi cha betri hadi bodi ya stata: ikizidi nusu volti, fungua boliti pale waya unapokamata chesisi, sugua hadi chuma king'ae, kaza. Barabara za vumbi na mashimo hulegeza boliti hiyo kimyakimya. Unapofungua betri, anza na hasi; unaporudisha, hasi iwe ya mwisho.

Kwa nini Juni na Julai ndiyo miezi ya kesi hizi Dodoma? Joto la Oktoba na Novemba ndilo linaloua betri. Asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito, inamtangaza tu marehemu.

Kugonga bodi ya stata kwa kipande cha mti wakati ufunguo umezungushwa kunaweza kuiamsha, maana kaboni zilizokwisha hugusa tena. Itakufikisha Nala au Manyoni, ila usizime njiani. Kuunganisha vichwa vya solenoidi kwa bisibisi ukiwa chini ya lori, bila ufunguo, si jambo la kusifiwa: gia ikiwa imeingia, lori linatembea juu yako.

Ikiwa taa zilififia sana kwa tak moja, weka gia fri, tia spana kwenye boliti ya puli ya mbele ya injini na uizungushe kwa mkono. Ikigoma, usiguse ufunguo tena. Huenda maji ya rejeta yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi. Stata ikilazimisha, koneti rodi, mkono unaoshika pistoni, hupinda. Toa nozeli za kupulizia dizeli kwanza, kaa mbali na matundu, kisha zungusha polepole uone kinachoruka.